Mkwe Aliyesomea Jikoni

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nimepakia kabeji Njoro, nimeuza maji kwa punda Gilgil, nimelinda magari nje ya hoteli Nakuru. Si shida peke yake inayonihamisha. Huwa nasikia kwamba mahali fulani watu hufanya jambo fulani, basi nataka kuliona kwa macho yangu, na nikishaliona nasikia habari za jingine.

Chini ya mlima Longonot, karibu na reli, nilifikishwa na kazi ya kupukuchua mahindi. Mahindi yalipokwisha, mchungaji wa kanisa moja pale akaniuliza kama naweza kutunza ukumbi wao. Nilipewa chumba cha nyuma na funguo. Kazi yangu ilikuwa kufungua, kufagia lile vumbi jepesi la huko ambalo ukilitoa mlangoni linarudi kwa dirisha, na alasiri za masomo kuchemsha chai ya ngumbaru. Ngumbaru ndilo jina ambalo kila mtu huku hulitumia kwa masomo ya watu wazima. Wenyewe walilitamka bila aibu. "Naenda ngumbaru," bibi wa miaka sabini angemwambia mwenye duka, kama mtu anayesema anaenda sokoni.

Jiko lilikuwa ubavuni mwa ukumbi. Kati yake na ukumbi palikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula siku za harusi na matanga. Nilikifungua kila mara darasa lilipoanza, nikajidai naangalia maziwa yasimwagike. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona. Mimi kusoma najua, lakini sikuwa nimewahi kuona mtu akijifunza herufi akiwa na mvi. Mtoto huandika "a" bila kufikiri. Hawa walikuwa wakiishika kalamu kama jembe, wakibonyeza mpaka karatasi ikatoboka, na wakimaliza mstari wanavuta pumzi.

Nilichogundua mapema ni jinsi walivyokaa. Wanawake walikaa upande wa madirisha, mabegi yao miguuni. Wanaume walikaa karibu na mlango, ili mtu akipita nje waonekane kama wameingia tu kupumzika. Mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa na benchi lake peke yake, fimbo imelala kando yake kama mwanafunzi wa pili. Mwanamume akiitwa ubaoni wakati mke wake yumo darasani, mguu wake ungeanza kuuma ghafla.

Mwalimu alikuwa mama wa Kikalenjin kutoka upande wa Molo, umri wa mtoto wao wa mwisho. Walimpenda. Walimletea viazi na mayai, na walimwita "mwalimu" kwa heshima ileile wanayompa mchungaji, ila hawakumwogopa.

Kati ya wanawake wale kulikuwa na mjane wa Kiluhya ambaye watu wote, Wakikuyu kwa Wamaasai, walimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yake. Mume wake alifanya kazi ya reli miaka mingi. Alipofariki, Kukhu hakurudi magharibi. Alibaki akiuza mboga pale barabara inapovuka reli. Alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alikuwa Uarabuni akifanya kazi ya nyumba. Mwajiri wake hakupenda kumsikia akiongea kwa simu, kwa hiyo aliandika. Ujumbe uliingia kwenye kasimu kadogo ka mama yake, kale ka vitufe, na kwa kuwa Kukhu hakujua kusoma, aliniletea mimi.

Nilimsomea mbele ya jiko, maji yakichemka. Binti alieleza joto la kule, watoto wa mwajiri, goti lililokuwa likimsumbua. Kukhu alisikiliza akiangalia mdomo wangu, si simu. Siku moja, baada ya kumsomea maneno fulani kuhusu mambo ya nyumbani kwa binti, alisema, "Hii ingine hakutaka wewe usikie." Hakuwa ananilaumu. Alisema tu jambo lilivyo. Ndiyo sababu alikuja ngumbaru. Alitaka kusoma maneno ya mtoto wake bila mtu kusimama katikati.

Basi mwalimu akaitwa semina Nakuru. Alirudi na begi la karatasi na jambo jipya. Alisema darasa letu limegawanyika: wanawake huku, wanaume kule, kila kabila na kona yake, na wanaume wanajificha nyuma huku wanawake wakifanya kazi yote. Kuanzia siku hiyo benchi moja ni mwanamume na mwanamke, na mtu asikae na wa kabila lake.

Mzee wa Kimaasai aliuliza kama hayo ni masomo au ni harusi. Shosho mmoja, nyanya wa Kikuyu aliyekuwa na ulimi kuliko wote, akasema, "Mwalimu, mimi nimezika bwana. Sasa unanipatia mwingine, na hata hujaniuliza kama nataka." Walicheka, lakini walihama. Mzee peke yake alichukua fimbo yake akatoka, akasema atarudi harusi ikiisha.

Ni katika kuhamahama huko mwanafunzi mpya alipoingia. Alikuwa Mkikuyu wa umri wa kuelekea sitini, vumbi jeupe la machimbo ya mawe bado liko kwenye nyusi. Miezi michache nyuma alikuwa amehamia kambi ya machimbo kutoka Gilgil. Mwalimu alimkaribisha akamwonyesha nafasi iliyobaki, na nafasi hiyo ilikuwa kando ya Kukhu.

Yule mtu alifurahi sana. Alivua kofia, akapangusa benchi kwa mkono wa koti lake ili Kukhu apate mahali safi, kisha akamnyoshea mikono yote miwili. "Mama," akasema, "habari ya siku mingi."

Kukhu aligeuza uso ukutani. Alivuta leso hadi kwenye paji la uso, akainuka, akapita upande wa jikoni, akapita mbele yangu na birika langu bila kuniona, akaruka kuni, akatoka. Begi lake lilibaki chini ya benchi. Yule mtu alibaki na mikono imenyooka.

"Ni mama ya bibi yangu," alimwambia mwalimu, na hakusoma lolote siku hiyo.

Kukhu hakuja somo lililofuata, wala la baada yake. Mwalimu alimpigia simu akaambiwa macho yamekataa. Nilijua si kweli, kwa sababu mwanamke huyo aliona nyanya iliyooza kutoka upande wa pili wa reli. Mwalimu alidhani mkwe alikuwa amemkosea zamani. Mkwe naye alikuwa na maelezo yake, na alinipa jikoni alipokuja kuchukua chai. Kukhu alimchukia, alisema, kwa sababu alikubali mke wake aende Uarabuni. Mwanamume wa kweli angemzuia. Alisema ataacha darasa ili mama arudi, lakini naye alilihitaji. Watoto wao walikuwa shule za bweni. Ujumbe wa mke wake ulikuja kwa simu yake vilevile, na pale kambini hakukuwa na mtu wa kumsomea ila vijana wa machimbo.

"Maneno ya bibi yangu," alisema, "yasomwe na wale?"

Mke wake ndiye aliyemhimiza asome, alisema. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba binti alikuwa amewaambia wote wawili wajifunze kusoma, na pengine kule mbali alisahau kwamba kituo chetu kina darasa moja tu.

Mimi nikiwa na swali silali. Nilichukua lile begi nikampelekea Kukhu kibandani kwake. Kabla sijauliza chochote alinipa simu. Ujumbe ulikuwa umekaa hapo tangu asubuhi. Binti aliandika: *Mama umefika ukurasa gani?*

Nilimsomea. Akasema nijibu kwamba anaendelea vizuri. Nikamuuliza nitaandikaje hivyo na hali haendelei. Alipanga sukuma wiki fungu moja, akalipanga tena.

"Wewe unaweza kaa benchi moja na mama ya bibi yako?" aliuliza.

Nilimwambia sijawahi kuwa na mama mkwe aliyedumu. Alicheka kidogo, kisha akanieleza. Kwao mkwe ni mtu wa heshima. Mkionana njiani, mmoja anaingia shambani hadi mwingine apite. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamkai nyumba moja. Barabarani pale kituoni walikuwa wakipishana vizuri tangu ahamie, naye alimsifu mkwe wake kwa kujua adabu. Sasa mwalimu anataka magoti yao yagusane chini ya dawati la watoto.

"Na si hiyo tu," alisema. "Niitwe pale mbele nisome ba, be, bi. Nikosee. Hata asipocheka atakuwa amesikia."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu. Akasema mwalimu ni mtoto mzuri lakini ametoka semina, atamwambia hayo ni mambo ya zamani. Nikamuuliza kama ana hasira na mkwe wake juu ya safari ya binti.

"Hasira?" Alinitazama kama anayemtazama mjinga. "Sina neno na yeye. Mwambie hivyo. Ningekuwa na hasira ningekaa hapo hapo nimwangalie."

Nilimjibu binti kwamba mama bado yuko ukurasa wa herufi na kuna jambo dogo linatengenezwa. Sikujua linatengenezwa na nani.

Mwalimu aliponisikia alikaa kwenye debe la jikoni akashika kichwa. Kwao pia kuna adabu za wakwe, alisema, ila hazifiki hapo, na alimwona mkwe akifurahi, basi akadhani mambo ni sawa. Nikampa wazo langu. Kukhu angeweza kukaa jikoni na mimi, asome kupitia kidirisha, ubao unaonekana vizuri. Nilijiona nina akili. Mwalimu alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Miaka yote huyo mama amekuwa jikoni," alisema. "Ametoka juzi. Na wewe unataka nimrudishe, nimwambie ni masomo?"

Nilikuwa nimefikiria ubao tu.

Siku ya somo mwalimu aliliweka jambo lile mezani mbele ya wote, mkwe akiwepo. Aliwauliza kwao hufanyaje. Nilizima moto nikasimama kidirishani, maana hayo ndiyo maswali ninayoyapenda. Ilitokea kwamba kila mtu alikuwa na lake. Shosho alisema hata Wakikuyu zamani walikuwa na aibu hiyo, nyanya yake alikuwa akijificha nyuma ya ghala mkwe akija, lakini sasa watu wanakumbatiana kwenye harusi na kupigwa picha. Mama mmoja wa Kiturkana alisema shida si mkwe, shida ni madawati mafupi. Wanaume wawili walisema shule ni shule, ukiingia mlangoni unaacha ukwe nje pamoja na viatu vya matope. Mkwe mwenyewe alisema ndivyo alivyofikiri: kwamba darasani hakuna mama wala mkwe, kuna wanafunzi, na kwamba kumpangusia mama benchi ilikuwa heshima.

Mzee wa Kimaasai alikuwa amerudi, baada ya kusikia kuwa harusi imeingia matata. Alisikiliza hadi wote wakamaliza.

"Kwani nani alioa?" aliuliza.

Watu wakamwangalia mkwe.

"Basi ni yeye alikuja kwa boma ya watu," mzee alisema. "Mama hatoki kwake. Yeye ndiye anazunguka. Kama kuna mtu wa kuenda jikoni, ni huyu."

Kukawa na kelele. Mmoja wa wale wanaume wawili alisema haiwezekani mtu mwenye mvi akae na sufuria kama bibi arusi. Shosho akamwambia sufuria haziumi. Mwalimu aliinua mkono, akageuka kwa mkwe akasema hatamlazimisha, na kwamba akikataa watatafuta siku nyingine za kumfundisha mmoja wao peke yake, ingawa hakujua siku hizo atazitoa wapi. Mkwe aliangalia kofia yake. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu nilikuwa nimempa ujumbe wa Kukhu asubuhi hiyo, naye aliniuliza tena na tena kama kweli alisema hana neno naye.

Alinitazama kupitia kidirisha. "Huko kuna kiti?"

"Kuna debe," nikasema.

"Sawa." Akachukua daftari lake akaja.

Kukhu alirudi somo lililofuata. Mwalimu alimweka benchi la mbele kabisa, upande ambao kidirisha hakiuoni. Yale mambo ya kuchanganya watu hakuyaacha, ila alianza kuuliza kwanza. Aliuliza kila mtu ni nani hawezi kukaa naye na kwa nini, na majibu yalikuwa mengi kuliko alivyotarajia. Kuna mwanamume aliyekubali kwenda ubaoni mke wake alipohamishiwa siku nyingine. Mke naye alisema ndipo alipoanza kusikia sauti yake mwenyewe.

Mimi nikapata mwenzangu jikoni. Alisoma akiwa ameweka daftari juu ya mfuko wa unga, akifuata ubao kwa kidole hewani. Mwanzoni wanaume walimtania. Wakipitia chai wangesema, "Mama chai, ongeza sukari." Baadaye akaanza kujibu, kisha akaanza kuimimina chai yenyewe, maana alisema mimi napika maji ya rangi. Wageni walikuja siku moja kutoka Nakuru kuona darasa, na mama mmoja kati yao akauliza kwa upole yule mzee anafanya nini jikoni. Mwalimu hakupata nafasi ya kufungua mdomo. "Si mlisema wanaume waingie jikoni?" shosho alisema. "Huyo ndiye wa kwanza. Wengine wako njiani."

Nilitaka kujua mpaka wa adabu ile uko wapi. Nilimuuliza Kukhu kama sauti yake inaweza kumfikia, akasema sauti haina shida, sauti inapita ukuta. Kwa hiyo walianza kusemezana kupitia mwalimu. Mkwe alisoma sentensi kutoka jikoni akaruka neno, na Kukhu, bila kugeuka, akasema, "Mwalimu, mwambie mtu wa huko ameruka." Mkwe angesema, "Mwambie mama nimeona." Siku nyingine ingekuwa kinyume. Nilidhani basi yamekwisha. Nikampelekea Kukhu kikombe ambacho mkwe alikuwa amekijaza. Alikiangalia, akaniangalia.

"Nani amemimina hii?"

Nikamwambia.

"Hiyo hapana. Mimina ingine wewe."

Nilimmiminia kingine. Mkwe alikunywa kile cha kwanza mwenyewe na hakuonekana kuumia. Alisema mama ana haki, kikombe si sauti.

Mvua ndefu zilipoanza kupungua, Kukhu alikuwa akisoma mabango ya dukani kwa sauti, jambo lililomchosha mwenye duka. Lakini ujumbe wa simu ulikuwa mgumu. Herufi za simu ni ndogo na hazisimami kama za ubaoni, na binti aliandika kwa haraka, bila nukta. Mara mbili alijaribu akaishia katikati, akanipa nimalizie. Hakufurahi. Nilipomsomea alikuwa ananikatiza, anataka niache ajaribu neno moja zaidi.

Kisha alasiri moja simu yake ikalia kati ya somo. Alizoea kuizima. Siku hiyo aliitoa, akainyoosha mbele ya macho kwa urefu wa mkono, akaanza. Mwalimu aliacha chaki, nami nikasogea kwenye mlango wa jikoni unaoingia ukumbini. Midomo ya Kukhu ilikwenda polepole, ikarudi nyuma, ikaenda tena. Alibonyeza kitufe ujumbe ukashuka, akaendelea. Nyuma yangu jikoni simu nyingine ilikuwa imelia pia, na mkwe alikuwa ameinama juu yake akisukuma kidole chini ya kila neno.

Chai ilimwagika motoni. Niliiacha.

Hatimaye Kukhu alisema, "Mwalimu, muulize mtu wa huko kama na yeye amepata."

"Mwambie mama nimepata," mkwe akajibu.

"Muulize yake inasema mwezi gani."

Mkwe alitazama tena, akahakikisha. "Mwambie Disemba."

"Yangu pia," Kukhu akasema. "Inasema anakuja Disemba."

Shosho alipiga kigelegele, na mzee wa Kimaasai akagonga sakafu kwa fimbo. Mwalimu alijipangusa uso kwa mkono wenye chaki. Mimi nilitoka jikoni nikaenda hadi kwenye benchi la mbele, maana nilikuwa nimeona jinsi kitufe kilivyobonyezwa, na ujumbe wa tarehe peke yake hauwi mrefu hivyo. Nilinyoosha mkono kama nilivyozoea. Nilitaka kusikia habari za goti, na za wale watoto wa mwajiri, na kama ameshapata tiketi.

Kukhu alizima simu akaitia kifuani.

"Ile ingine ni yangu," alisema.

Nilirudi jikoni. Mkwe aliniuliza kwa sauti ya chini mama alikuwa anasoma nini muda wote ule, kwa sababu yake ilikuwa mistari miwili tu. Nikamwambia sijui. Tulikaa pale tukiangalia maziwa yaliyoungua, wote wawili tukitamani kujua.